Kiharusi kwa vijana: anatembea, anaongea, ila kichwa hakijarudi. Tuongee hili jambo wakuu

Dada wa Mbagala (mleta uzi)

Wakuu heshima kwenu.

Naleta huu uzi mana naona kiharusi kinaongelewa kama ugonjwa wa mkono na mguu tu. Mtu akipata watu wanauliza "ameshaanza kutembea?" na akishaanza kutembea ndugu wanashukuru Mungu, kapona, wanatawanyika. Afu miezi inapita unaona mtu anatembea vizuri kabisa lakini sio yule unayemjua, na hakuna anayekuambia kwamba hiyo nayo ni sehemu ya ugonjwa.

Mdogo wangu wa kike ana miaka 32, ni wakala wa miamala ya simu. Alipata kiharusi mwaka jana, presha ilikuwa juu na hakuwahi kujua kama anayo. Mkono wa kulia ulilegea, mazoezi yakafanyika, mkono ukarudi, akarudi kibandani. Hapo ndo matatizo yalipoanza kuonekana. Nilikaa naye pale kibandani nikaangalia kwa macho yangu. Mteja akija peke yake hakuna shida, anapokea hela, anahesabu, anaandika namba, anasoma jina, anathibitisha. Sasa aje mteja wa pili kabla wa kwanza hajamaliza aseme "dada nitolee elfu thelathini fasta nina haraka" basi namba aliyokuwa anaandika inapotea kichwani palepale, anaangalia simu, anaangalia noti mkononi, hajui tena zile noti ni za huyu anayeweka au ni za kumpa yule anayetoa, na boda wakipiga honi pale nje ndo kabisa, anasimama tu. Jioni floti (salio la kwenye simu) na keshi havikubaliani. Mara aliwahi kutuma laki na nusu mahali pa elfu kumi na tano na yule mtu akazima simu.

Ndugu wakaanza maneno. Mara anajidekeza, mara ameshaonja huruma ya watu hataki tena kazi, mume naye analalamika chakula kinaungua kila siku. Na yeye mwenyewe analia usiku ananiambia dada mimi nimekuwa mjinga.

Kliniki kila mwezi wanapima presha, wanakunja mkono wanakunjua, wanaandika dawa, nenda. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza kuhusu kichwa. Mpaka tulipoelekezwa kwa mtu wa tiba kwa vitendo (wale wanaomfundisha mgonjwa kurudia shughuli zake za kila siku), akakaa naye kama nusu saa na karatasi moja ya kupima akili inaitwa MoCA. Wakamwambia chora saa, weka namba zote, mishale ionyeshe saa tano na dakika kumi. Namba zote alizibana upande mmoja. Wakampa maneno matano ayashike, baadae akakumbuka mawili. Wakamwambia toa saba kwenye mia halafu endelea kutoa saba saba, akasema 93, akasema 86, akanyamaza, akauliza "nilikuwa natoa ngapi?" Na huyu ni mtu ambaye hesabu ndo ilikuwa chakula chake. Akapata 20 kati ya 30, na kwenye hicho kipimo 26 kwenda juu ndo huhesabiwa kawaida.

Wakuu siku ile alilia, lakini alilia kwa nafuu. Kumbe sio ujinga. Kumbe kuna sehemu ya ubongo imeumia na inaonekana kwenye karatasi.

Nikaanza kusoma. Kuna utafiti wa Uholanzi, Chuo Kikuu cha Radboud mjini Nijmegen, walifuatilia watu waliopata kiharusi wakiwa na miaka 18 hadi 50, wakawapima ubongo kwa wastani wa miaka 11 baadae. Miaka kumi na moja! Bado hadi nusu yao walikuwa chini ya kiwango kwenye baadhi ya vipimo vya akili, hasa kasi ya kufikiri, umakini na ile kumbukumbu ya kushika kitu kichwani huku unakifanyia kazi. Hawa ni watu wa nchi yenye hospitali za kila aina. Je sisi ambao wengi hatupimwi kabisa?

Ninachotaka kusema ni hiki: ukiwa na kijana aliyepata kiharusi usisubiri ajigundue mwenyewe, dai apimwe na kichwa kama anavyopimwa mkono, na yule anayemwita mvivu mwonyeshe majibu. Karibuni mchangie, hasa waliopitia na wataalamu mliomo humu.

---

Mama Pacha

Dada asante sana kwa huu uzi, nimesoma mpaka machozi. Mimi nilipata nikiwa na miaka 27, siku chache baada ya kujifungua, presha ya mimba ilipanda wakati nimesharuhusiwa nimerudi nyumbani, kichwa kikaniuma kama kinapasuka nikaona giza. Watu wengi wanadhani ukishajifungua hatari imeisha, haijaisha, zile wiki sita za mwanzo mzazi anatakiwa aangaliwe presha, wajawazito mnaosoma hapa shikeni hilo.

Mkono na mguu nilipona haraka. Ila mpaka leo naingia chumbani nasahau nimefuata nini, hilo watu watasema hata mimi nasahau, lakini sio hivyo, mimi nasahau katikati ya kufanya. Nimeshawahi kumpa pacha mmoja dawa mara mbili na mwenzake nisimpe. Sasa hivi nafunga uzi mwekundu kwenye mkono wa aliyeshakunywa. Na kitu kingine hamjakisema ni kuchoka. Sio kuchoka kwa kazi. Nikiongea na watu wawili watatu kwa saa moja, kwenye kikao cha vikoba kwa mfano, narudi nalala kama nimelima ekari. Mama mkwe anasema nalala sana mchana wanawake wa siku hizi wavivu.

---

Kijana wa Pongwe

Wakuu mimi niulize kwa nia njema kabisa msinishambulie. Huku kwetu Tanga binamu yangu alipata kiharusi akiwa na miaka 35, mwili umerudi, ila sasa anacheka msibani. Anaanza kucheka hawezi kuacha, na siku nyingine anaangalia taarifa ya habari analia kama mtoto. Wazee wamesema kachezewa, tumeshapeleka kwa wataalam wawili, mbuzi wameenda, hela imeenda. Hiyo nayo ni ubongo au kuna mkono wa mtu? Maana mtu akili zake timamu ukimuuliza anakuambia mimi wala sikuwa na furaha, kicheko kinakuja chenyewe.

---

Tiba kwa Vitendo

Mimi nafanya kazi ya utengamao, nitajaribu kujibu kwa lugha ya kawaida.

@Kijana wa Pongwe hiyo ni ubongo kaka, na hilo neno lake la mwisho, "sikuwa na furaha, kinakuja chenyewe", ndo dalili yenyewe. Kuna njia za fahamu zinazodhibiti kicheko na kilio, zikikatwa na kiharusi breki inapungua na uso unafanya kitu ambacho moyo haujakisema. Inajulikana hospitalini na ina dawa, baadhi ya dawa za sonona (ugonjwa wa huzuni nzito) hupunguza kwa dozi ndogo tu. Mrudisheni kwa daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu au hata wa magonjwa ya akili, mwambieni hivyohivyo ulivyoandika hapa. Na mkiwa msibani akianza mtoeni nje taratibu, msimkaripie, mkimkaripia inazidi.

@Mama Pacha uchovu wako nao ni wa kweli, karibu nusu ya waliopata kiharusi wanalalamikia huo huo. Ubongo uliopata jeraha unatumia nguvu nyingi kufanya kile ambacho zamani ulifanya bila kujua, ni kama simu yenye betri iliyochoka, inaonyesha asilimia 60 afu ghafla inazima. Kwa hiyo pumzika KABLA hujachoka. Kazi ngumu ya kichwa fanya asubuhi, kikao cha vikoba omba mkae wewe upande wa ukutani mbali na watoto, ukiona umeanza kupoteza maneno ondoka. Ule uzi mwekundu ni tiba nzuri kuliko dawa nyingi, usiuache.

Sasa kwa nini vijana. Kiharusi ni mshipa wa damu kwenye ubongo kuziba au kupasuka. Kwa wazee mara nyingi ni presha, sukari na mafuta vya miaka mingi. Kwa vijana wa huku kwetu presha bado inaongoza hasa ile isiyojulikana, lakini utakuta pia selimundu (sickle cell), valvu za moyo zilizoharibiwa na homa ya rumatiki utotoni, VVU, uzazi, mshipa wa shingo kuchanika baada ya ajali, sigara. Ule utafiti mkubwa uliofanyika nchini kwetu kati ya 2003 na 2006 ulikuta kiharusi Dar es Salaam ni kama watu 316 kwa kila laki moja kwa mwaka, na Hai kule Kilimanjaro kama 108, baada ya kusawazisha umri. Dar ilikuwa miongoni mwa viwango vya juu duniani. Kwa hiyo hawa wagonjwa wapo wengi tu mitaani, wanaitwa wavivu, wanaitwa wamerogwa, wanafukuzwa kazi.

Kuhusu kichwa, tatizo linategemea wapi pameumia. Wengi wakisikia akili wanafikiria kusahau tu. Kwa vijana mara nyingi kinachoumia zaidi ni kasi, umakini na kupanga. Yule dada wa kibandani hajasahau kazi yake, anaijua yote, kinachomshinda ni kubeba vitu viwili kwa wakati mmoja. Ndo maana hata vile vipimo vya haraka vinavyouliza leo siku gani na tuko mkoa gani anafaulu vyote na anaambiwa uko sawa.

---

Mtu wa Likoni

Niko Mombasa. Kakangu ana 38, alikuwa dereva wa matatu, alipatwa na kiharusi upande wa kulia wa ubongo, hivyo mkono wa kushoto ndio ulioathirika. Sasa ameanza kutembea. Lakini kuna jambo ambalo lilituogopesha. Mke wake akimwekea wali anakula nusu, nusu ya kulia tu, halafu anasema mbona siku hizi mnanipa chakula kidogo. Wali wa upande wa kushoto uko palepale na samaki juu yake! Akizungushiwa sahani anashtuka, "haa, kumbe kuna samaki", anakula. Tukampeleka kwa daktari wa macho, akasema macho hayana kasoro yoyote. Akinyoa ndevu anaacha shavu la kushoto. Akipita mlangoni anagonga bega.

Na yeye anasema yu sawa kabisa ataka kurudi kwa gari mwezi ujao. Mwenye gari naye amekubali kwa sababu anamwona anatembea. Tufanyeje?

---

Tiba kwa Vitendo

@Mtu wa Likoni ndugu yangu tafadhali asishike usukani. Nasema hivi kwa uzito wote.

Macho ni mazima, ila ubongo umeacha kuujali upande wa kushoto. Hauoni kama pana pengo, ndo maana yeye mwenyewe anasema yuko sawa na sio kwamba anadanganya, kwake kushoto hakupo. Mtoto akitokea upande wa kushoto wa barabara hatamwona, na sisi tunaendesha kushoto, watu wa miguu na abiria wanaoshuka wako huko huko. Uingereza mtu aliyepata kiharusi haruhusiwi kuendesha hata gari dogo kwa mwezi mmoja, na dereva wa basi au lori ni mwaka mzima halafu lazima apimwe. Kwetu hakuna anayemfuata nyumbani kumzuia kwa hiyo jukumu ni la familia. Nendeni mzungumze na mwenye gari, chukueni na sahani ya wali mumuonyeshe akila, ataelewa kuliko maelezo yoyote.

Nyumbani: ongeeni naye mkiwa mmekaa kushoto kwake ila muanze katikati mkisogea polepole. Bandikeni utepe mwekundu ukingo wa kushoto wa meza na wa mlango, mfundisheni autafute ule utepe kabla ya kula na kabla ya kupita. Akisoma, mchoreeni mstari mwekundu ukingo wa kushoto wa ukurasa aanzie hapo. Wengi hali hii hupungua sana miezi ya mwanzo, kwa hiyo msikate tamaa, ila usukani usubiri apimwe vizuri.

---

Msomi wa Mwanza

Jamani nina selimundu, nipo chuo mwaka wa pili. Sijawahi kupooza hata siku moja. Lakini tangu kidato cha tatu nilianza kushuka darasani, nasoma ukurasa nikifika chini sikumbuki juu, mitihani muda unaisha niko swali la pili. Kila mtu anasema ni kulazwa lazwa ndo kumenirudisha nyuma. Inawezekana kiharusi kikaja bila kupooza?

---

Tiba kwa Vitendo

Inawezekana mdogo wangu, na kwa wenye selimundu ni jambo la kawaida kuliko watu wanavyodhani. Kuna viharusi vidogo vya kimyakimya, havipoozi mkono wala mdomo, vinaonekana kwenye MRI tu (ile mashine ya kupiga picha ndani ya ubongo), na zaidi ya robo ya watoto wenye selimundu huwa navyo. Vinaathiri hivyo hivyo ulivyotaja: kasi na umakini. Sisemi kwamba wewe unacho, nasema muulize daktari wako wa damu, mwambie kuhusu darasa na sio maumivu ya mifupa tu. Ulizia pia ile dawa ya selimundu inaitwa hydroxyurea kama hutumii. Na chuoni nenda ofisi ya mshauri wa wanafunzi na barua ya daktari, uombe muda wa ziada kwenye mtihani.

Na wazazi mliopo humu wenye watoto wa selimundu kuanzia miaka miwili, kuna kipimo cha kupima kasi ya damu kwenye mishipa ya ubongo kwa ultrasaundi, hakichomi sindano. Kinatabiri nani yuko hatarini kabla hajapata. Ulizeni.

---

Afisa Rasilimali

Naongezea upande wa kazi mana nimeona watu wanasimamishwa kienyeji. Kwa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza mshahara kamili na 63 zinazofuata nusu. Hiyo unatakiwa ulete cheti cha daktari. Baada ya hapo mwajiri hawezi kukurupuka na barua ya kuachisha. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinamtaka aangalie kwanza ugonjwa una uzito gani, utachukua muda gani, na kama anaweza kubadilisha majukumu au kumpa kazi nyingine.

Shida ninayoiona ofisini ni kwamba cheti kinaandikwa "kiharusi, anaendelea vizuri". Sasa bosi anasoma anaendelea vizuri, anamuona mtu anatembea, ripoti imechelewa mara tatu, anamuandikia onyo la uzembe. Mwombeni daktari aandike wazi: ana upungufu wa umakini na kasi ya kufikiri kutokana na kiharusi, anahitaji hiki na hiki. Kijana mmoja mhasibu tulimtoa kaunta tukampa usuluhishi wa hesabu za benki kwenye chumba kisicho na kelele, anaanza saa mbili anatoka saa nane, makosa yakapungua mno. Bila ile karatasi angeshaondoka.

---

Binti Sayari

Mimi niliguswa na mwigizaji Emilia Clarke. Mwaka 2011 akiwa na miaka 24 mshipa ulivuja kwenye ubongo, baada ya upasuaji akashindwa kutaja hata jina lake, maneno yanatoka ovyo, na yeye kazi yake ni kushika maneno. Akafanyiwa upasuaji mwingine 2013. Alikaa kimya mpaka 2019 ndo akaandika, na sasa ana taasisi ya kusaidia vijana walioumia ubongo. Nikajiambia kama mtu wa kiwango kile aliogopa kusema miaka yote hiyo, je mdada wa saluni?

Mimi nilipoteza maneno pia. Nilikuwa naelewa kila kitu mnachosema ila nikitaka kusema "maji" natoa "kiatu". Watu wakawa wanaongea mbele yangu kama sipo, wanagawana vitu vyangu vya saluni huku nasikia. Naomba mjue mtu asiyeweza kuongea mara nyingi anaelewa. Muulizeni maswali ya ndio au hapana, mpeni muda, msimmalizie sentensi.

---

Dada wa Mbagala (mleta uzi)

Nimesoma michango yote, asanteni mno. @Binti Sayari pole sana mdogo wangu, hilo la vitu vya saluni limeniuma.

Kuna watu wameniuliza PM tulifanya nini kibandani. Tumeweka kamba, mteja mmoja anasogea, wengine wanasubiri nyuma ya kamba, na karatasi ukutani "TAFADHALI MMOJA MMOJA". Mwanzo wateja walinung'unika sasa wamezoea. Ana visahani viwili vya plastiki, cha kijani hela inayoingia, chekundu inayotoka, hakuna noti inayoshikwa mkononi. Kabla ya kubonyeza kutuma anamsomea mteja kiasi kwa sauti, tarakimu moja moja, mteja aseme ndiyo. Anafunga saa saba mchana, jioni anashika binamu yetu. Kipato kimepungua, siwezi kuficha, lakini floti inakubaliana na hajapoteza hela tena. Presha anapima na kuandika kwenye daftari, dawa ziko kwenye kiboksi cha siku saba.

Huyu mtaalamu humu ndani naomba unisaidie hili moja. Mume wake sasa ameelewa lakini ameenda upande wa pili, amemnyang'anya simu, anashika hela zote, hamruhusu kwenda hata sokoni peke yake eti ataibiwa. Hili nalo linamfanya azidi kunyong'onyea.

---

Tiba kwa Vitendo

Dada, ile kamba na visahani mngelipia mtaalamu msingepata bora zaidi.

Kuhusu mume, hofu yake ina msingi, ila ubongo unajifunza kwa kufanya na akizuiwa kila kitu hata kile kidogo alichobakiza kitapungua. Karibu theluthi moja ya waliopata kiharusi hupata sonona, na kufungiwa ndani ni njia ya haraka ya kufika huko. Huko kunyong'onyea mkuseme kliniki mtakayoenda mwezi huu. Waambie waanze na sokoni: aende na orodha ya vitu vitatu, hela imehesabiwa kamili kwenye bahasha, duka moja analolijua, asubuhi kabla hakujajaa watu. Mume atembee nyuma hatua ishirini, asiseme kitu isipokuwa kuna hatari. Akirudi wahesabu chenji wote wawili. Akiweza hiyo kwa wiki mbili ongeza vitu viwe vitano, au duka la pili. Simu arudishiwe leo, laini ya kazi ibaki kibandani na laini yake binafsi iwekewe kiasi kidogo tu cha matumizi. Namba ya siri aijue yeye na mume, isiandikwe nyuma ya simu.

Na mje naye mume kliniki, akae kwenye kiti aone kile kipimo cha saa kikirudiwa. Huwa tunarudia baada ya miezi kadhaa, mara nyingi namba zinakuwa zimepanda.